NGE MWEUSI ALIVYOKWAMA OWERRI

Vita ya Biafra ilionekana imekwisha, ikakataa kufa. Nani alilipa bili?

JUMANNE ya Aprili 22, 1969 majeshi ya serikali ya Nigeria yaliingia Umuahia, mji uliokuwa makao makuu ya Biafra. Ukiwa mtu wa kawaida unayefuatilia mambo kwa redio, ungesema basi, mchezo umekwisha, watu warudi makwao. Mji mkuu ukishatekwa kuna nini tena?

Kumbe subiri kwanza. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Biafra hao hao, ambao walikuwa wamenyang'anywa makao makuu siku tatu tu nyuma, waliingia mji mwingine mkubwa, Owerri, na kuuchukua kutoka mikononi mwa jeshi hilo hilo la serikali. Ngoma droo! Kutoka Umuahia hadi Owerri ni kilometa kama 60 hivi, tuseme Dar na Bagamoyo. Wakahamishia makao yao Owerri na vita ikaendelea kwa karibu miezi tisa mingine.

Miezi hiyo tisa ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu ndiyo ambayo watu wengi hawaijui. Biafra tunaijua kwa picha: mtoto mwenye tumbo kubwa, mbavu nje, nywele zimepauka. Lakini yule mtoto hakufika pale kwa bahati mbaya. Nyuma ya picha ile kulikuwa na barabara zilizofungwa, uwanja wa ndege uliofanya kazi usiku tu, na afande mmoja mwenye mbwembwe ile mbaya aliyeahidi zawadi ambayo hakuweza kuitoa.

Kwa wale ambao hawakuwapo, au walikuwapo ila bado wananyonya, tupitie haraka. Mwaka 1966 Nigeria ilipinduliwa mara mbili, na Waigbo wengi waliokuwa wakiishi Kaskazini wakauawa kwa maelfu. Walionusurika wakakimbilia kwao Mashariki. Mei 30, 1967 gavana wa kijeshi wa Mashariki, Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu, akatangaza kwamba eneo lake sasa ni nchi inayoitwa Biafra. Mkuu wa serikali kule Lagos, Yakubu Gowon, akakataa, na Julai 6 risasi zikaanza. Mwanzoni Lagos ilidhani ni kazi ya wiki chache, ya kwenda kumkamata mtu na kurudi. Enugu, mji mkuu wa kwanza wa Biafra, ulianguka Oktoba 1967. Ojukwu hakukamatwa wala hakusalimu amri.

ZAWADI YA SIKUKUU

Sasa tufike kwa mtu wetu. Kanali Benjamin Adekunle, kamanda wa Divisheni ya Tatu ya Makomandoo wa Majini. Wenyewe walimwita Nge Mweusi. Ukisikia jina hilo unaweza kudhani ni bondia wa Manzese, lakini jamaa alikuwa mkali kweli. Alishusha askari wake kutoka baharini pale Bonny mwaka 1967, akafanya hivyo tena Calabar, na Mei 19, 1968 akaitwaa Port Harcourt. Kuanzia siku hiyo Biafra haikuwa na bandari wala uwanja wa ndege wa maana, na ilikuwa imezungukwa na nchi kavu pande zote. Magazeti ya Lagos yalimpenda. Waandishi wa kizungu walimfuata kama nyuki na asali, na yeye hakuwanyima maneno.

Septemba 1968 Nge Mweusi akaja na mpango alioupa jina la OAU. Usidhani ni ule umoja wetu wa nchi huru za Afrika. Herufi ndizo hizo hizo ila maana yake ni nyingine: Owerri, Aba, Umuahia. Miji mitatu iliyobaki ya maana upande wa Biafra, yeye akaahidi kuibeba yote kwa mpigo na kumkabidhi Gowon kama zawadi ya sikukuu ya uhuru wa Nigeria, Oktoba 1.

Aba ikaanguka Septemba 4. Owerri ikaanguka Septemba 16. O na A hizo, mkononi. Ikabaki U tu.

Hapo ndipo mtiti ulipoanzia. Makomandoo wa Adekunle waliposogea kuelekea Umuahia walikuta Biafra wamejichimbia, na katika wiki zile walikuwa wameanza kupata bunduki mpya. Bunduki hizo zilitoka kwa Wafaransa, kwa mlango wa nyuma, zikipitia Gabon na Ivory Coast. Adekunle akarudishwa nyuma. Na kwa sababu alikuwa ametawanya watu wake huku na huko akikimbizana na ahadi yake, kila mji aliouchukua ulikuwa na askari wa kuubana kidogo tu na barabara ndefu ya kuulisha.

Mji uliokaa vibaya zaidi ni Owerri. Ulikuwa umeshikwa na Brigedi ya 16 ya Luteni Kanali Etuk. Chakula, risasi, dawa, vyote vilitoka Port Harcourt kwa barabara ya kilometa kama 100, yaani kama unatoka Dar kwenda Chalinze, na pembeni ni msitu na michikichi mitupu. Biafra hawakuhangaika kuingia mjini. Walichofanya ni kuikata barabara.

Kuanzia mwisho wa 1968 brigedi nzima ikawa ndani ya kikapu. Ndege za serikali zikawa zinapita juu na kudondosha mizigo kwa miavuli. Mingine iliwafikia wenyewe, mingine ilibebwa na upepo ikaangukia kwa Biafra, nao wakashukuru sana kwa msaada. Fikiria mwenyewe: jeshi lenye manowari, ndege za MiG za Kirusi na silaha za Kiingereza, lipo pale linasubiri mkate uanguke kutoka mawinguni, na ukianguka unaliwa na adui!

Hali iliendelea hivyo miezi ikapita. Kanali Ogbugo Kalu wa Divisheni ya 14 ya Biafra alizidi kukaza kamba taratibu, kwa sababu hata yeye hakuwa na risasi za kuchezea. Mwisho, usiku wa kuamkia Aprili 25, Etuk akawakusanya watu wake waliobaki na kuchomoka nao kuelekea kusini. Hata wapinzani wake walikubali kwamba kuitoa brigedi iliyochoka namna ile katikati ya adui bila kuisha yote ni kazi ya mwanajeshi hasa. Magazeti hayakumwimba kama yalivyomwimba bosi wake, lakini mimi katika hadithi hii nzima upande wa serikali, ukiniuliza nani namvulia kofia, nitakutajia huyo.

Na ile U? Umuahia haikutekwa na Nge Mweusi. Ilitekwa na Divisheni ya Kwanza ya Kanali Mohammed Shuwa, iliyotokea kaskazini. Huyu Shuwa alikuwa hana makeke. Alilaumiwa kwamba anakwenda kama kinyonga, lakini hakusogea hatua kabla mizigo yake haijamfikia, na akishakaa mahali hatoki.

UWANJA WA GIZA

Utajiuliza Biafra walikula nini na risasi walipata wapi ikiwa hawakuwa na bandari. Jibu ni neno moja: Uli.

Uli kilikuwa kipande cha barabara ya lami, kwenye njia ya kutoka Owerri kwenda Ihiala. Mafundi wa Biafra walikipanua mpaka kikafika upana wa mita 23 hivi, wakakipa jina la siri la Annabelle, wakakigeuza uwanja wa ndege. Mita 23 kwa ndege kubwa yenye injini nne ni kama kupitisha basi la mkoani kwenye uchochoro wa Magomeni. Mchana kulikuwa kimya, matawi yamefunikwa juu ya lami ili ndege za serikali zisione kitu. Giza likiingia ndipo kazi inaanza. Rubani anakaribia bila taa, anaomba kwa redio, taa za pembeni zinawashwa kwa muda mfupi tu, anatua, zinazimwa. Kwa kipindi fulani ilisemwa kwamba baada ya Johannesburg hakukuwa na uwanja Afrika nzima unaopokea ndege nyingi kama ile barabara.

Na juu yao, gizani humo humo, kulikuwa na ndege ya serikali iliyoendeshwa na mamluki, inazunguka ikisubiri taa ziwake ili idondoshe bomu. Marubani waliibatiza Intruder, yaani mvamizi. Wengine wao walikufa pale pale Uli, wengine kwa bomu, wengine kwa kugonga miti.

Ndege zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na za makanisa na Msalaba Mwekundu, zilizobeba samaki wakavu wa Norway, maziwa ya unga, chumvi na dawa. Muungano wa makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti uliokuwa ukirushia ndege kutoka kisiwa cha São Tomé peke yake ulifanya safari zaidi ya 5,000 na kupeleka takriban tani 60,000. Na kulikuwa na za silaha. Zote zilitua barabara moja, usiku mmoja, zikipishana.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kasheshe. Lagos ilisema: leteni chakula mchana, tukikague kwanza. Ojukwu akakataa. Alisema mchana ukiruhusiwa, jeshi la serikali litajipenyeza nyuma ya ndege za chakula na kuichukua Uli, na pia watu wake waliogopa chakula kilichopita Lagos kisije kikawa na sumu. Sababu ambayo hakuisema kwa sauti ni kwamba ndege za chakula zilikuwa ngao ya ndege za bunduki. Upande wa pili nako hakukuwa na malaika: kuna vigogo wa Lagos waliosema waziwazi kwamba njaa ni silaha halali ya vita. Watu wazima walibishana mchana au usiku, na watoto wakaendelea kuvimba miguu kwa unyafuzi. Maelfu walipakiwa kwenye ndege hizo hizo zikirudi tupu wakapelekwa Gabon na Ivory Coast. Hao ndio waliobahatika.

Juni 5, 1969 ndege ya kivita ya serikali ikaitungua ndege ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa njiani na chakula. Shirika likasimamisha safari. Makanisa hayakuacha kurusha, lakini pengo lililobaki lilionekana kwenye sahani.

VISENDEGE VYA MSWIDI

Kabla ya kufika mwisho kuna kituko lazima nikupe, maana hata watunga sinema wasingekithubutu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Uswidi, tajiri wa ukoo wa kimwinyi, anaitwa Carl Gustaf von Rosen. Mwaka 1935 Waitalia walipovamia Ethiopia alikwenda kurusha ndege ya wagonjwa huko. Biafra ilipoanza kufa njaa akaja kurusha chakula, akaona yanayotendeka Uli, roho ikamuuma. Akaenda akatafuta vindege vidogo vitano vya kujifunzia, aina ya MFI-9, vyenye injini moja, vile ambavyo ukiviona Uwanja wa Ndege wa zamani unadhani ni vya klabu ya matajiri. Akavifunga makombora chini ya mabawa na kuvipaka rangi ya majani.

Mei 22, 1969, mwezi mmoja tu tangu Umuahia itekwe, yeye na wenzake wakatokea Port Harcourt wakiruka chini kabisa usawa wa miti, wakapiga ndege zilizoegeshwa uwanjani, wakayeyuka. Siku zilizofuata wakatembelea Benin na Enugu. Watu wakaviita Watoto wa Biafra.

Huo ndio ulikuwa mtindo wa Biafra kwa jumla. Hawakuwa na kitu ila walikuwa na vichwa. Wahandisi wao walitengeneza bomu lililoitwa ogbunigwe, chombo cha chuma kilichoshindiliwa baruti na vipande vya vyuma. Likilipuka kwenye msafara linafagia. Walichemsha mafuta ghafi porini kwenye mapipa, kama watu wanavyopika gongo kwetu, ikatoka petroli na magari yakaenda. Ni ufundi wa kusifiwa. Lakini huwezi kumpa mtoto ogbunigwe anywe uji.

Mwezi huo huo wa Mei walifanya kosa kubwa. Makomandoo wao walivuka mto Niger wakavamia kambi ya mafuta kule Kwale, wakaua wafanyakazi wa kigeni 11, wengi wao Waitaliano, na kuwateka 18. Waliotekwa wakahukumiwa kifo. Ulaya ikapiga kelele, Vatikani ikaingilia, Ojukwu akawaachia Juni. Baadhi ya marafiki aliokuwa nao waliondoka na mateka hao. Kule Ufaransa nako de Gaulle, ambaye ndiye aliyekuwa mlezi wa ile mizigo ya mlango wa nyuma, alikuwa amejiuzulu Aprili. Papa Paulo VI alipokuja Kampala mwishoni mwa Julai alijaribu kuwapatanisha, akaondoka mikono mitupu.

NA SISI JE?

Hapa Tanzania tulikuwamo, tena mstari wa mbele. Aprili 13, 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata Mei. Mwalimu Nyerere alisema umoja wa nchi ni wa hiari, na watu waliochinjwa katika nchi yao huwezi kuwalazimisha kwa mtutu warudi kwenye nyumba hiyo hiyo. Alipoulizwa kuhusu Muungano wetu na Zanzibar, akajibu kwamba kama Wazanzibari wenyewe, bila kusukumwa na watu wa nje, wangeukataa, yeye asingeweza kuwapiga mabomu ili wakubali. Maneno mazito hayo kwa rais.

Kuna wanaosema kwamba kwa kufanya vile tulirefusha vita. Mimi sikubaliani moja kwa moja. Hatukupeleka bunduki wala askari, na siku tulipotangaza, Port Harcourt ilikuwa imebakiza wiki tano tu kuanguka. Kilichorefusha vita ni ile lami ya Uli, bunduki za Wafaransa, na ile haraka ya Adekunle. Lakini tusijisafishe kupita kiasi. Siku nne baada ya Port Harcourt kuanguka, pande zote mbili zilikaa mezani Kampala, na wajumbe wa Biafra walikuja na mguu wa mtu mwenye nchi nne nyuma yake. Mtu anayetambuliwa hainami haraka. Mazungumzo yakavunjika.

MHANDISI AINGIA

Mei 1969, baada ya aibu ya Owerri, Gowon alifanya jambo ambalo makamanda wengi wa vita huogopa kulifanya: aliwaondoa mashujaa. Makamanda wa divisheni zote tatu wakabadilishwa. Shuwa akampisha Iliya Bisalla, Divisheni ya Pili akapewa Gibson Jalo, na kiti cha Nge Mweusi akakalia mtu ambaye wengi hawakumjua, kanali wa kikosi cha uhandisi, Olusegun Obasanjo. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais.

Obasanjo alikuta divisheni imechoka hoi bin taaban. Katika kitabu chake anasimulia hata juu ya askari waliojipiga risasi wenyewe ili watolewe mstari wa mbele. Ungetegemea aanze kwa shambulio la kuuza sura. Hakufanya hivyo. Alizunguka vikosi, akapanga upya watu, akahakikisha risasi na chakula vinafika kabla ya amri ya kusonga. Miezi ikapita, watu wakaanza kunung'unika kwamba huyu naye vipi. Wakati huo jeshi la Nigeria, ambalo kabla ya vita lilikuwa na watu kama 10,000, lilikuwa limefika kama robo milioni. Tatizo lake tangu mwanzo halikuwa idadi ya watu, lilikuwa kuwapeleka mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Upande wa pili, Ojukwu Juni 1 alisoma hotuba ndefu pale Ahiara juu ya mapinduzi ya mtu mweusi na misingi ya taifa jipya. Hotuba nzuri, inasomwa mpaka leo. Ila askari wake waliokuwa wakiilinda nchi hiyo mpya walikuwa wanapewa risasi za kuhesabu, na wengine walikuwa wanatoroka kwenda kutafutia familia zao muhogo. Watu wa kawaida walikuwa wamehama mara tatu, mara nne, kila mji ukianguka wanabeba godoro kwenda unaofuata. Chumvi ilikuwa imeadimika mpaka ikawa bidhaa ya thamani.

Desemba 1969 mpango wa Obasanjo ukaonekana. Askari wake wakitokea kusini wakakutana na Divisheni ya Kwanza iliyotokea kaskazini, pale Umuahia. Biafra ikawa imekatwa vipande viwili. Kipande kimoja hakina mawasiliano na kingine, na mashamba ya upande wa mashariki, yaliyokuwa yakileta chakula kidogo kilichobaki, yakawa ya mtu mwingine.

Januari 7, 1970 likaanza shambulio la mwisho, lililoitwa Tail-Wind, yaani upepo unaokusukuma kwa nyuma. Jina lilikaa vizuri, maana hakukuwa na cha kulizuia. Owerri, ule mji uliomeza brigedi miezi kadhaa, ulichukuliwa Januari 9. Uli ikafuata siku mbili baadaye. Vita ya miezi 30 ilimalizika ndani ya wiki moja! Jeshi la Biafra halikushindwa katika pigano moja kubwa, liliyeyuka. Vijana walivua magwanda wakaingia katikati ya wakimbizi, ukawa huwezi kujua nani askari na nani mkulima.

Usiku wa Januari 10 kuamkia 11 Ojukwu alipanda ndege pale pale Uli, ikiwa bado yao, akaelekea Ivory Coast. Alisema anakwenda kutafuta amani. Wabaya wake wakasema ameingia mitini. Aliyebaki na mzigo ni makamu wake, Meja Jenerali Philip Effiong, ambaye wala hakuwa Mwigbo, alikuwa Mwibibio, mtu wa makabila madogo ya Mashariki. Jumatatu Januari 12 akatangaza kwenye redio kwamba basi, imetosha. Kanali Alani Akinrinade wa upande wa serikali akawa miongoni mwa wa kwanza kumfikia, halafu Obasanjo mwenyewe akaja wakaonana Amichi. Alhamisi Januari 15 Effiong alisimama mbele ya Gowon katika kambi ya Dodan, Lagos, akatia muhuri.

Gowon akasema hakuna mshindi wala mshindwa. Yale mauaji makubwa ya kulipiza kisasi ambayo dunia nzima iliyaogopa hayakutokea kwa namna ile, na sifa hiyo ni yake. Hata hivyo kina mama na wasichana walioangukia mikononi mwa askari katika wiki zile wana hadithi nyingine. Na chakula? Lagos ilikataa Uli isitumike tena, hata kwa ndege za msaada, na mashirika yaliyokuwa yakiisaidia Biafra yakaambiwa yakae mbali. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa watu waliendelea kufa njaa katika nchi iliyokwisha kuwa na amani. Wangapi walikufa jumla, kila mtaalamu ana namba yake: kuna wanaosema nusu milioni, kuna wanaosema hadi milioni tatu. Wengi hawakuguswa na risasi.

Halafu likaja la benki. Waigbo waliokuwa na akiba kabla ya vita walikwenda kuulizia hela zao. Wakaambiwa kila mmoja atapewa pauni 20. Mwenye mia alipata 20, mwenye elfu kumi alipata 20. Miaka michache baadaye serikali ilipouza hisa za makampuni ya wageni kwa wananchi, watu wa kuzinunua walikuwepo, lakini si wenye pauni 20.

Wako wapi wale wakali? Von Rosen aliuawa Ethiopia mwaka 1977 wakati wa vita ya Ogaden, akiwa tena kwenye shughuli za kusaidia wenye njaa. Bisalla alipigwa risasi mwaka 1976 kwa kuhusishwa na jaribio la mapinduzi. Ojukwu alisamehewa mwaka 1982, akarudi nyumbani, akagombea mpaka urais, akafa London Novemba 2011. Jeshi lile lile alilopigana nalo ndilo lililompigia saluti kaburini. Shuwa, yule mzee wa taratibu, aliuawa na watu wenye bunduki huko Maiduguri mwaka 2012. Nge Mweusi alistaafishwa mwaka 1974, akazeeka akilalamika kwamba mwingine alikula matunda ya mti aliopanda yeye, akafa Septemba 2014.

Na ugomvi huo nao haujaisha. Obasanjo aliandika kitabu chake mwaka 1980 akajipa sifa za ushindi. Mwaka 2013 Godwin Alabi-Isama, ofisa aliyepigana katika divisheni hiyo hiyo, akatoa cha kwake chenye ramani na picha tele, akisema mambo hayakuwa hivyo hata kidogo na kwamba kazi yote ilikuwa imeshafanywa kabla mhandisi hajafika. Wazee wa divisheni moja, vita moja, barabara zile zile, bado wanagombania nani aliingia Owerri vizuri zaidi.